Gari Kuukuu Lisigeuke Deni

Tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua rasmi Daraja la John Pombe Magufuli linalounganisha Kigongo na Busisi. Daraja hilo lenye urefu wa kilomita tatu limeondoa foleni ya kivuko iliyowachelewesha wasafiri, wagonjwa na mizigo kwa miaka mingi. Kwetu sisi wa upande wa Kisesa lina maana ya ziada. Barabara ya Usagara hadi Kisesa inaunganisha njia kuu ya Shinyanga na ile ya Musoma bila kupita katikati ya Jiji la Mwanza. Kwa hiyo mgeni atokaye Geita au Chato anaweza leo kufika Kisesa, akaona Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, akaendelea Magu na Lamadi, kisha akaingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa lango la Ndabaka, bila kungoja kivuko hata kimoja.

Si ajabu basi kwamba vijana wetu, pamoja na ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na Kome, wanaulizia habari za magari ya utalii. Swali lao ni la haki. Utalii wa kaskazini umejengwa Arusha, na kwa miaka mingi fedha za mgeni anayekwenda Serengeti zimebaki zaidi upande ule, ingawa ukanda wa magharibi wa hifadhi hiyo unafika karibu na Ziwa letu. Mwananchi wa kanda hii akitaka sehemu yake katika biashara hiyo, anachohitaji kwanza ni gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na kwa kipato chake gari hilo litakuwa kuukuu. Gari jipya ni la wenye mitaji mikubwa.

Sisi hatuna ugomvi na gari kuukuu. Tunachokiogopa ni ununuzi usio na hesabu. Gari lililochoka linapotoka mikononi mwa mwenye nguvu na kuingia mikononi mwa mnyonge, mara nyingi kinachohamishwa ni gharama ya uchakavu. Mwenye nguvu amekwisha kulitumia katika miaka yake mizuri. Mnyonge hulipokea katika miaka ya matengenezo. Ikiwa fedha za kununulia ni za mkopo au za mchango wa kikundi, basi gari hilo laweza kugeuka deni kabla halijambeba mgeni wa kwanza.

Historia ya kanda hii inatupa funzo tusilopaswa kulisahau. Katikati ya miaka ya 1960 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoanzishwa mwaka 1955 na wakulima wa pamba wakiongozwa na Mzee Paul Bomani, liliingia katika kilimo cha mashamba ya pamoja kwa kutumia matrekta. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini matrekta yalihitaji mafuta, vipuri, mafundi na madereva waliofunzwa, na gharama ya kulima ekari moja ikawalemea wakulima kuliko pato la pamba waliyovuna. Wakulima wakabaki na madeni na matrekta yakabaki mabovu. Mtambo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuhesabu bei ya kuupata na kusahau bei ya kuutunza. Kosa hilo hilo linaweza kurudiwa leo na kikundi cha vijana kumi wa Kisesa kwa gari moja.

Wenye umri wanakumbuka pia jinsi taifa lilivyobanwa na bei ya mafuta katika miaka ya 1970, hata magari binafsi yakakatazwa kutembea kuanzia saa nane mchana siku za Jumapili. Wanakumbuka Land Rover za ofisi zilizowekwa juu ya mawe kwa kukosa spea moja ndogo. Milango ilipofunguliwa katika bajeti ya mwaka 1984/85, wenye fedha za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na tangu hapo magari yaliyotumika yameendelea kuingia, kwa sehemu kubwa kutoka Japani ambako, kama kwetu, usukani uko kulia. Shida ya siku zile ilikuwa kulipata gari. Shida ya leo ni kuchagua, kwa kuwa magari ni mengi na kila muuzaji anasifu lake.

Tuanze basi na uchaguzi. Magari ya namna hii yamegawanyika katika mafungu mawili. Lipo fungu la magari ya kazi, yaliyoundwa kwa mitambo ya kawaida ambayo fundi wa gereji ya mtaani anaifungua na kuifunga. Mfano wake ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kuundwa mwaka 1984, hasa yenye ile injini ya dizeli ya silinda sita na lita 4.2 ambayo mafundi wanaiita 1HZ. Injini hiyo haina mbio, haina turbo, na haikuundwa kwa ajili ya fahari. Lakini inajulikana na mafundi wa kanda nzima, na vipuri vyake vinapatikana. Land Rover ya zamani nayo ina wapenzi wake, ingawa mnunuzi ajue kwamba Defender ya umbo lile la kale iliacha kuundwa Januari 2016.

Fungu la pili ni la magari ya starehe, yale ambayo wananchi wameyaita mashangingi. Injini zake za kisasa za dizeli husukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa sana na kuongozwa na vifaa vya elektroniki. Zikipewa mafuta safi na fundi mwenye vipimo zinafanya kazi nzuri. Zikipewa dizeli ya kwenye pipa iliyochanganyika na maji au vumbi, pampu na nozeli zake huharibika, na bei ya kuzibadilisha yaweza kumaliza faida ya msimu mzima. Kijana asivutwe na viti vya ngozi. Mgeni amekuja kuwaona nyumbu, na anachohitaji ni gari litakalomfikisha na kumrudisha.

La pili ni ukaguzi. Mnunuzi asiende peke yake na dalali. Aende na fundi wake ambaye hakuletwa na muuzaji. Fundi huyo aingie chini ya gari na kuangalia chesisi kabla ya kuangalia rangi. Ziwa letu halina chumvi, lakini sehemu za Japani zenye theluji hutiwa chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chuma taratibu. Gari laweza kung'aa juu na kuwa limeoza chini. Ikiwa ni gari lililokwisha kufanywa la utalii, yaani limekatwa na kurefushwa na kuwekewa paa la kufunguka kama wafanyavyo mafundi wa Arusha, basi viungo vya kuchomelea vikaguliwe kimoja kimoja, kwa kuwa hapo ndipo panapopasuka katika barabara ya mashimo. Saa ya kilomita isiaminiwe peke yake, maana hurudishwa nyuma. Uchakavu wa pedali, usukani na kiti cha dereva husema ukweli zaidi.

Gari lijaribiwe pia katika kazi itakayolifanya. Udongo mweusi wa mbuga, ambao kila mkulima wa Usukuma anaujua, ni mgumu kama saruji wakati wa kiangazi na huwa utelezi na mtego wakati wa masika. Ukanda wa magharibi wa Serengeti una udongo wa namna hiyo hiyo. Kulizungusha gari kwenye lami ya Kisesa si majaribio. Lipelekwe katika njia mbaya, gia ya kuvuta magurudumu yote iingizwe na kutolewa, difu na giaboksi visikilizwe, na breki zijaribiwe likiwa na mzigo.

La tatu ni kodi. Wapo wanaoona bei ya gari likiwa Japani wakadhani hiyo ndiyo bei. Kodi hukokotolewa juu ya thamani pamoja na nauli ya meli na bima mpaka bandari ya Dar es Salaam, na Mamlaka ya Mapato ina thamani zake yenyewe ambazo huenda zikapita zile zilizoandikwa kwenye risiti ya mnunuzi. Juu ya ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa kuna Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Kenya imeyafungia mlango magari yaliyozidi miaka minane, na Uganda tangu mwaka 2018 yaliyozidi miaka kumi na mitano. Tanzania haikuyafungia, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Gari la bei rahisi kwa sababu ya uzee wake laweza kuwa ghali kwa sababu hiyo hiyo. Mamlaka ya Mapato imeweka kikokotoo chake wazi kwa kila mwananchi, basi kitumike kabla ya fedha kutumwa. Na gari likisha kutoka bandarini, bado lina zaidi ya kilomita 1,100 za kutembea kufika Mwanza.

La nne, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni matunzo. Tuchukue mfano, na uchukuliwe kuwa ni mfano tu. Kikundi kina shilingi milioni 60. Kikizimaliza zote katika kununua, siku ya kwanza kitakuwa na gari na hakitakuwa na fedha ya tairi. Kingefanya vema kununua gari la milioni 40 pamoja na kodi zake, kutenga milioni 10 kwa matengenezo ya mwanzo ambayo hakuna gari kuukuu lisiloyahitaji, na kuweka milioni 10 benki kwa ajili ya siku mbaya. Kisha tuitazame safari yenyewe. Kutoka Kisesa hadi Ndabaka na kurudi, pamoja na mzunguko wa kutwa ndani ya hifadhi, tukadirie kilomita 350. Gari zito linalokwenda kilomita saba kwa lita moja litakunywa lita 50 za dizeli. Hiyo ni gharama inayoonekana. Isiyoonekana ni kwamba zile kilomita 350 zimekula tairi, oili, bushi, springi na shokapu. Kikundi kikitenga shilingi 300 kwa kila kilomita, safari hiyo moja itaingiza shilingi 105,000 katika mfuko wa matengenezo. Asiyetenga atadhani amepata faida, kumbe anakula gari lenyewe kidogo kidogo.

Tena watalii hawaji sawasawa mwaka mzima. Katika miezi ya masika gari litasimama, lakini bima haitasimama, wala marejesho ya mkopo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Gari la kikundi liwe na daftari lake: tarehe, kilomita, lita zilizotiwa, fundi aliyeligusa na kipuri alichokiweka. Awepo dereva anayejulikana na mwekahazina ambaye si dereva. Gari la watu kumi lisilo na mwenye dhamana halina tofauti na gari lisilo na mwenyewe.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tuna neno mahususi. Tunajua fahari ya kuiona Land Cruiser ikishuka Rugezi au Nansio. Lakini gari lililopo kisiwani lenye kazi bara hungoja kivuko kila safari, na mgeni aliyelipia siku tatu hatakubali kupoteza moja gatini. Tunajua pia uchungu wa maji haya. Mv Bukoba ilizama tarehe 21 Mei, 1996, na Mv Nyerere ikapinduka karibu na gati la Ukara tarehe 20 Septemba, 2018, ikaondoka na ndugu zetu zaidi ya 220. Baada ya misiba hiyo hakuna mwenye haki ya kumshinikiza nahodha aongeze gari moja zaidi kwa sababu mgeni ana haraka. Ushauri wetu ni kwamba mwenyeji wa kisiwani amiliki chombo cha majini kilichokaguliwa, chenye maboya ya kutosha, na aingie ubia na kikundi cha bara chenye gari. Mgeni ashuke kwenye gari Kisorya na kupokewa ng'ambo na mwenyeji. Kwa njia hiyo kila mmoja atamiliki chombo anachoweza kukitunza.

Sasa tunawageukia viongozi na watendaji wa Serikali, kwa kuwa wao ni wauzaji, wakopeshaji na wasimamizi kwa wakati mmoja.

Kwanza, minada. Magari mengi ya namna hii katika mikoa yetu yamewahi kuvaa namba za STK, SM, SU au DFP. Yanapochoka huuzwa kwa mnada wa hadhara, na wananchi hukimbilia huko kwa imani kwamba gari la Serikali lilitunzwa. Mengine yalitunzwa kweli. Mengine yalikimbizwa bila huruma na madereva waliojua kwamba si mali yao. Tunapendekeza kwamba kila gari la umma linalopelekwa mnadani liandamane na kumbukumbu zake za matengenezo, na kasoro zake zinazojulikana zibandikwe pale pale lilipoegeshwa. Waliokaa vyuoni wanalijua sharti hili tangu utotoni, kwamba muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake anapaswa kuibainisha kwa mnunuzi. Ikiwa sharti hilo linamfunga muuza ng'ombe wa mnadani, kwa nini lisiifunge ofisi ya umma? Kumbukumbu hizo si siri ya nchi. Kuzitoa hakugharimu chochote, na kutamfundisha kila dereva wa Serikali kwamba matunzo yake yatasomwa siku moja na wananchi.

Pili, mikopo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024 baada ya utaratibu kurekebishwa. Ni fedha za wananchi na zina baraka zake. Lakini afisa anayeidhinisha mkopo wa gari na kukataa fungu la matengenezo kwa hoja kwamba si mtaji, amekipa kikundi jembe bila mpini. Andiko la mradi wa gari lisipitishwe mpaka lionyeshe mfuko wa matengenezo, taarifa ya fundi aliyelikagua, na ratiba ya marejesho inayotambua kwamba Aprili si sawa na Agosti.

Tatu, leseni na barabara. Biashara ya kuwasafirisha watalii inahitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na masharti yake ni ya lazima kwa usalama wa mgeni na sifa ya nchi. Hata hivyo kikundi kidogo kisiyajue masharti hayo siku kinapokamatwa njiani. Maafisa utalii na maafisa biashara wa wilaya wawafuate wananchi, wawaeleze kwa Kiswahili chepesi gari la aina gani linakubalika, la umri gani, na kwa gharama gani, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Mwisho, mfano wa viongozi wenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimtaka kiongozi asijitenge na hali ya watu wake. Masharti yake yalilegezwa mwaka 1991, na hatudai kwamba saa irudishwe nyuma. Lakini kijana anayemwona kila mkubwa akishuka katika shangingi hujifunza kwamba gari ni cheo. Akipata fedha atanunua cheo, naye atakilipia kwa miaka mingi. Kiongozi anayetumia gari linalolingana na kazi yake, anayezima injini anapokuwa mkutanoni na kulipeleka gari matengenezoni kwa wakati, anafundisha uchumi kuliko semina nyingi.

Daraja limekwisha jengwa na njia iko wazi. Wageni watapita Kisesa, wapende wasipende, kwa kuwa hapo ndipo njia zinapokutana. Kama watapita ndani ya magari ya watu wengine huku vijana wetu wakiwauzia maji ya chupa madirishani, au kama watapita ndani ya magari ya vikundi vyetu yaliyo mazima na yasiyodaiwa, ni jambo litakaloamuliwa na daftari, fundi mwaminifu na afisa anayesema ukweli siku ya mnada. Tunawaomba wanaokusudia kununua mwaka huu waanze na mfuko wa matengenezo, kisha ndipo waende kutafuta gari.